Kabati la Bibi Lirudi Sebuleni

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mafundi mlioacha kazi ya Jumamosi mkaja, akina mama, na vijana mnaoanza maisha: mwangaluka. Kwa wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kupamba nyumba kwa samani za zamani, hasa zile za miaka ya 1950 na 1960. Nitaanza na kabati, maana karibu yote ninayoyajua nilianza kuyajua kwenye kabati moja.

Lilikuwa kabati la vyombo la bibi yangu mzaa mama, kule Magu. Mninga mtupu, ukiacha plaiwudi ya mgongoni. Juu lina vioo viwili vya kusukuma, na kila kioo kimechimbwa kishimo cha duara cha kuwekea kidole. Chini lina milango miwili ya mbao na droo mbili. Limesimama juu ya miguu minne myembamba inayochongoka kuelekea chini na kutanuka kidogo kwa nje, kama ndama anayejifunza kusimama. Babu alilinunua baada ya msimu mzuri wa pamba, mwaka uleule aliponunua baiskeli. Bibi aliweka humo vikombe vya wageni, na sisi wajukuu tukisikia kile kioo kinasukumwa tulijua mgeni amefika na chai ya maziwa inakuja.

Bibi alipofariki, wanawe waligawana mashamba na ng'ombe. Kabati halikuwa na mtu. Lilihamia jikoni, kisha stoo, kisha banda la kuku. Mwaka 2009 nilikwenda msibani nikalikuta humo, jeusi kwa moshi, droo moja ina mayai. Nikaliomba. Mjomba alishangaa, akasema chukua tu mwanangu, tulishapanga kulipasua kuni.

Tulipolifikisha Kirumba, hapa Mwanza, fundi wangu alichomoa droo moja akaipindua ili aone viungo. Chini yake tukakuta hesabu za penseli: inchi 14 na robo, toa unene wa mbao mara mbili. Hesabu moja imekatwa kwa mstari, na jibu sahihi limeandikwa pembeni. Seremala yule alikosea, akaona kosa lake, akasahihisha, akaendelea na kazi. Nilikaa na ile droo mapajani muda mrefu. Kuanzia siku ile sikuweza tena kupita mahali nikaona kiti cha zamani kimetupwa nikaendelea na safari yangu.

Ninachowaomba leo ni kimoja. Kabla hujakopa ili ununue seti ya makochi mapya, kabla hujakesha kwenye simu ukitazama picha za sebule za Ulaya, ingia kwanza stoo za kwenu. Toa humo kitu kimoja, kitengeneze mpaka kiweze kufanya kazi yake, kisha kiweke sebuleni kitumike kila siku. Nyumba ianzie hapo.

Vijana wengi wanaokuja karakana yangu wananionyesha picha kwenye simu na kuniambia wanataka mtindo huu wa Kizungu. Nikitazama picha naona miguu ileile ya kabati la bibi. Tuseme basi mtindo huo ulitoka wapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ulaya na Marekani watu walihitaji nyumba nyingi kwa haraka, na nyumba zenyewe zilikuwa ndogo. Makabati makubwa ya kuchongwa maua na miguu ya simba hayakuingia humo. Viwanda vilikuwa vimejifunza kukunja plaiwudi na kutengeneza sponji. Marekani, mume na mke, Charles na Ray Eames, walikunja plaiwudi wakatengeneza viti, na kile kiti chao maarufu cha kupumzikia, cha plaiwudi na ngozi, kilitoka mwaka 1956. Denmark, Hans Wegner alibuni mwaka 1949 kiti ambacho mgongo wake una umbo la herufi Y na kalio lake limesukwa kwa kamba ya karatasi. Kalio moja hula kamba ya mita kama 120, na husukwa kwa mkono mpaka leo. Mama yeyote wa hapa anayesuka mkeka wa ukindu akikiona kiti kile ataelewa mara moja kinachofanyika, na pengine atakosoa.

Tena angalieni jambo hili. Samani nyingi za Denmark za miaka ile zilitengenezwa kwa msaji, na msaji hauoti Denmark. Uliletwa kwa meli kutoka Asia. Sisi mbao tulikuwa nazo. Mvule ulikuwepo kwenye misitu ya ukanda huu wa ziwa, na mninga ulipanda treni kutoka Tabora, kwa kuwa reli ilishafika Mwanza tangu mwaka 1928. Mafundi wa Kihindi na wa Kiafrika waliiona mitindo mipya, wakaichukua, wakaitengeneza kwa mbao bora kuliko zile zilizotumiwa na viwanda vingi vya huko. Kwa hiyo kijana anayeniambia anataka mtindo wa Kizungu, mimi namwambia anataka mtindo wa Magu, wa Kwimba, wa Ukerewe.

Fedha ya kununua vitu hivyo ilitoka wapi? Wazee mnajua: pamba. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walichoka kuibiwa kwenye mizani, wakaunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho la ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Pamba ikapimwa na wenyewe, ikauzwa na wenyewe. Fedha ile iligeuka mabati, ada za shule, baiskeli, cherehani, vitanda vya chuma vyenye springi, mabakuli ya enameli, redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na kadiri matangazo yalivyozidi kufika mbali, redio ya mbao ilipata meza yake na kitambaa chake cha kufuma, na jirani wakaja na vigoda vyao jioni. Ukikuta leo meza ndogo ya mvule yenye miguu iliyotanuka, urefu wake unaishia magotini, uliza kwanza kama haikuwa meza ya redio.

Wengine wenu mtauliza: kama vilikuwa vingi hivyo, viko wapi? Vingine vilikaa kwa sababu ya shida. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, baada ya vita vya Uganda, dukani hapakuwa na kitu. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse kochi. Kila kilichovunjika kilifungwa waya, kikagongwa msumari, kikaendelea. Ndiyo maana viti vingi ninavyovipokea vina misumari isiyo na idadi. Kila msumari ni mwaka mmoja ambao mtu hakuwa na njia nyingine. Kisha mlango wa biashara ukafunguliwa, bidhaa za nje zikaingia, na tukaona haya. Tuliona haya kwa vitu vilivyotubeba. Tukavitoa nje ya nyumba usiku usiku kama tunaficha ugonjwa, tukaweka mahali pake kabati la ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, juu umefunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Mvua moja ikiingia chini ya mlango, ubao ule unavimba kama andazi, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Jambo hili linaniuma, na nitasema kwa nini. Shangazi yangu alikuwa na viti sita vya mvule vya kulia chakula, migongo imepinda vizuri, vimetengenezwa hapa hapa mjini. Akapita mtu na kenta, mnunuzi wa vitu vikuukuu, akamwambia mama hivi vimeshaliwa na wadudu, nakusaidia tu kusafisha nyumba. Akamlipa fedha isiyotosha mifuko miwili ya saruji. Wadudu hawakuwemo. Mimi nilikuwa nimevisafisha viti vile kwa mikono yangu Krismasi iliyotangulia. Shangazi alipojua, aliumia kwa kudanganywa nyumbani kwake, na mtu aliyempa maji ya kunywa. Basi ninyi mtakaoingia vijijini kutafuta samani, nawasihi: mwambie mwenye kitu ukweli wa kitu chake. Mwambie ni mbao gani, na ikitengenezwa itauzwa kama shilingi ngapi. Ukisha kumwambia, bado mtapatana, na faida utapata. Na ikiwa wajukuu wapo, waite wasikie bei kabla hujapakia.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwa hapa mjini, mahali pa kutafuta mnapajua. Soko la Mlango Mmoja, mafundi wa mabati na vyuma chakavu kule Makoroboi, minada ya ofisi zinapobadilisha samani, nyumba za zamani zinapobomolewa katikati ya mji. Makoroboi ina nafasi yake moyoni mwangu, maana jina lenyewe linatokana na koroboi, vile vibatari vilivyofuliwa pale kwa makopo na mabati yaliyotupwa. Mji huu una mtaa mzima wenye jina la kitu kilichotengenezwa kwa taka. Sisi si wageni wa kazi hii.

Ukikiona kiti au kabati, usianze na uso wake. Pindua. Vuta droo, tazama pembe: kama mbao zimeshikana kwa meno, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana, aliyelitengeneza alikuwa fundi wa kweli. Tazama skrubu: za miaka ile mara nyingi zina mfereji mmoja kichwani. Tikisa. Kiti kinachoyumba usikiogope. Samani nyingi za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya kupikwa, ya ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi ile hulainika kwa maji ya moto. Unakifungua kiungo bila kukivunja, unakwangua, unatia gundi mpya, unafunga kwa kamba za mpira usiku kucha, asubuhi kiti kimesimama. Kiti kinachotisha ni kile kilichokwisha kutiwa misumari kwenye kila kiungo, kwa sababu msumari unapasua mbao palepale penye kazi kubwa.

Kuhusu bungua, yule mdudu anayetoboa mbao, msiwe wepesi wa kukata tamaa. Matundu madogo pekee si ushahidi. Yawezekana mdudu aliondoka miaka 30 iliyopita. Kipige kitu kwa kiganja, kiweke juu ya karatasi nyeusi, kiache siku mbili. Ukikuta unga mpya, mweupe, laini kama wa muhogo, mdudu yumo. Kiweke nje ya nyumba, tia dawa kwenye matundu kwa sindano, na usikiingize ndani mpaka karatasi ikae wiki kadhaa bila unga. Ukiingiza haraka utamkaribisha kwenye dari.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye rangi, kwa sababu hapa nilikosea mwenyewe na nusura nimdhuru mtoto. Nilinunua kitanda cha mtoto, cha mbao, kimepakwa rangi ya kijani ambayo chini yake kulikuwa na ya maziwa, na chini yake nyekundu. Kizuri sana. Nilikaa barazani nikakisugua kwa msasa mkavu siku nzima, vumbi likiruka, na binti yangu mdogo anacheza miguuni pangu. Baadaye ndipo fundi mmoja mzee aliponiuliza kama najua kilichomo kwenye rangi za zamani. Nyingi zilitiwa risasi, ile ile ya madini, na vumbi lake likiingia tumboni mwa mtoto huharibu ubongo unaokua. Sikulala usiku ule. Nilimpeleka mtoto akapimwa damu, na namshukuru Mungu kwa majibu. Kwa hiyo rangi ya zamani usiisugue kavu. Lowesha, tumia msasa wa maji, fanya kazi nje, funga pua na mdomo kwa barakoa ya kazi, watoto wawe mbali, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Kama rangi imeshika vizuri, ipake nyingine juu yake uiache ilale. Mvule pia, hata usio na rangi, vumbi lake linawasha pua na ngozi. Mafundi mliopo hapa mnalijua hilo kwa kupiga chafya.

Mbao isiyopakwa rangi ina adabu yake. Watu wakiona kabati limefifia wanakimbilia msasa na vanishi nzito inayong'aa kama sahani. Subiri. Chukua kitambaa, kilowanishe spiriti kidogo, gusa mahali pasipoonekana, labda ndani ya mguu. Pakianza kunata, ujue kabati lilipakwa sheleki, ile vanishi ya kizamani inayochanganywa na spiriti, na sheleki inayeyuka na kujiunga upya, huhitaji kuing'oa. Mara nyingi tatizo lote ni masizi na mafuta ya mikono ya miaka 60. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa kilichokamuliwa sana, kisha kavu, kisha mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, kwa unyenyekevu, tone kwa tone. Kabati la bibi tulilisafisha hivyo kwa siku tatu. Siku ya pili mninga ulianza kuonekana, kahawia yenye mistari ya damu ya mzee. Siku ya tatu tulifika kwenye mlango wa kulia, karibu na kitasa, tukakuta mbao imebonyea na kulainika mahali ambapo kidole gumba cha bibi kilikuwa kikishika. Fundi alitaka kupasawazisha. Nikamzuia, na mpaka leo mahali pale pako vilevile. Nikifungua, gumba langu linaingia humo.

Na vitambaa vya mafuta ya linsidi msivikunje mkavitupa kwenye pipa. Hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kwenye kamba vikauke.

Vitu vya umeme nitavipitia haraka: redio ya valvu usiichomeke ukutani ili tu uone kama inaimba. Waya za miaka ile zilifunikwa mpira uliokwisha kukauka, na ndani kuna umeme mkali unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa. Mpe fundi redio mzee, aliyewahi kuzishika. Taa hali kadhalika, badilisha waya na holda. Mabakuli ya enameli yaliyobanduka weka maua au funguo. Vyakula vya ndimu na ukwaju visikae humo, kwani rangi za zamani, hasa nyekundu na njano, zilikuwa na madini yasiyofaa kuliwa.

Kupanga sasa. Akina mama wananiuliza, nikisha kutengeneza nianzie wapi? Sebule zetu nyingi ni futi 12 kwa 12, au pungufu, tena Mwanza nyumba imepanda mlima, mawe yameingia mpaka ukutani. Katika chumba hicho tunaweka makochi matano yenye matumbo makubwa, meza ya kioo, kabati la televisheni kama jengo la halmashauri, na mgeni anapita ubavu. Samani za miaka ile zilibuniwa kwa vyumba kama vyetu. Zimeinuliwa kwa miguu, sakafu inaonekana chini yake, na macho yakiiona sakafu chumba kinakua. Ufagio unapita chini, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi usiku na kufa kwa malundo, asubuhi unawafagia bila kusogeza kochi. Mvua ikiingia, maji yanapita, mbao iko juu.

Ushauri wangu: chumba kimoja, kitu kimoja kikuu. Kama kabati ndilo kuu, viti viwe vya kawaida. Ukijaza vya zamani vitupu, sebule inakuwa stoo yenye pazia. Ukuta uupake rangi ya maziwa au kijivu chepesi kama mawe yetu ya Bismarck pale ziwani, kisha mahali pamoja weka rangi inayosema: haradali, feruzi, au chungwa lililoiva. Hizo ndizo rangi za miaka ile na zinapendana sana na mninga. Kama umebahatika kuishi katika yale maghorofa ya zamani ya katikati ya mji yenye sakafu ya terazo na madirisha ya luva, nakuomba usiweke tailzi juu ya terazo. Isugue kwa jiwe la msasa na maji, itang'aa, na tailzi za leo hazitaifikia.

Kabati lisikae karibu na dirisha linalotazama jua la jioni, na lisigusane na ukuta. Huku ziwani unyevu ni mwingi. Acha vidole vitatu nyuma yake hewa ipite. Vitambaa vya kufuma vya bibi, mimi ninavipenda, lakini sivitandazi kwenye kila mgongo wa kochi. Kimoja tu, kile chenye kazi nzuri kuliko vyote, kinakaa chini ya redio. Vingine vimefungwa kwenye khanga safi, na huvigeuza kila baada ya miezi michache ili visikatike kwenye mikunjo. Na zile picha za studio, nyeusi na nyeupe, babu amesimama na saa mkononi na pazia la mawingu nyuma yake: nakilisha, tundika nakala ukutani, picha yenyewe iweke gizani ndani ya bahasha. Jua la Mwanza linakula sura za watu. Nimeona familia iliyobaki na fremu yenye kanzu na kofia, uso haupo.

Kuna mpaka mmoja nauheshimu. Vigoda na viti vya watemi, vifaa vya ibada, ngoma za enzi, hivyo si mapambo ya sebule yangu wala yako. Mkitaka kuviona nendeni Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement, mtu wa Kanada, pamoja na wazee wa hapa. Nendeni na watoto. Mtu akikuletea usiku kigoda cha namna hiyo kimefungwa kwenye gunia, usimpe hata senti.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Nawajibu kwa mfano unaoelea hapo bandarini. MV Victoria ilitengenezwa Scotland katika karakana za Yarrow mjini Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru. Wengi wetu humu tumelala kwenye mabenchi yake tukienda Bukoba, na ndizi zimetuzunguka. Ilipozeeka ingeweza kukatwa chuma chakavu. Ilikarabatiwa, injini mpya, ikarudi majini mwaka 2020, na leo watu wanapanda. Kama taifa lilihesabu likaona meli ya 1961 inastahili kurudishwa kazini, kiti cha 1961 kinachohitaji gundi, msasa na kitambaa cha mita mbili, sisi majumbani tunashindwaje? Kitanda cha kubembelezea mjukuu, stuli, meza ya redio, anza na hicho. Mafundi wetu wanapata kazi, na mbao ambayo mti wake ulikua miaka mingi kabla hatujazaliwa haiishii jikoni kwa siku moja ya maharage.

Nimesema sana. Mwenyekiti alinionya kwamba watu wamekuja kuona, kwa hiyo nimeleta kiti. Kimetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kilivuka na kivuko Alhamisi. Mwenye nacho ni bibi aliyeko hapa mstari wa pili, ameniruhusu kukifungua mbele yenu, na baada ya hapo kinarudi kwake. Mnaona kitambaa cha maua juu. Hapa pembeni pamechanika, na chini yake kuna ngozi bandia nyekundu, na chini ya hiyo nahisi kipo kitambaa cha kwanza kabisa. Kalio limebonyea kwa sababu mikanda ya mpira ya chini imekufa. Tutaibadilisha kwa vipande vya tyubu ya lori, upana wa vidole vinne, vimevutwa kwa nguvu na kusukwa msalaba, vinadumu kuliko mikanda ya dukani. Mara ya mwisho nilipofungua kiti cha namna hii tulikuta ndani ya sumba, zile nyuzi za kujazia kalio, senti 10 ya zamani, ile yenye tundu katikati, na pini ya nywele, nikampelekea mwenyewe vyote viwili.

Fundi, tusaidie kukitoa barazani penye mwanga. Bibi, njoo ukae hapa karibu na mimi, utuambie nani alikuwa anakikalia. Vijana, leteni bisibisi na kopo la kuwekea misumari, na msitupe hata mmoja.